Kuogelea bila kuishiwa pumzi: zoezi la moyo na mapafu, ufukwe wa Shangani, Mtwara

Habari zenu watazamaji. Tupo Shangani, maji yanajaa, na hii ndiyo saa yetu. Yakipwa hapa utatembea juu ya mawe mpaka uchoke kabla hujalowa magoti, na siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, ndiyo kabisa. Kwa hiyo kabla hujavua shati, waulize wavuvi leo maji yanajaa saa ngapi. Na usije peke yako.

Leo sifundishi kupiga mikono. Vijana wengi wa hapa wanaijua, lakini wakienda mita 20 tu wanasimama wanahema. Wanadhani hawana nguvu. Shida ni pumzi, tena si kuivuta, ni kuitoa.

Ingia hadi maji yafike kifuani. Utahisi kifua kinabanwa kidogo. Ni uzito wa maji, usiogope. Inama, tia uso majini, toa hewa polepole kwa pua na mdomo, mapovu yatoke mfululizo. Inua uso, vuta kwa mdomo, rudi. Mara 10 hivi. Jichunguze: ukiinua uso unaanza kupuliza ndipo uvute? Basi hapo ndipo unapokwama. Muda wa mdomo kuwa nje ni mfupi, hautoshi kazi mbili. Ile hamu ya kuhema inayokutia wasiwasi huletwa zaidi na kabonidayoksaidi iliyojaa ndani, hata kabla oksijeni haijapungua sana. Itoe, utatulia.

Sasa mtazameni mwenzangu. Mkono mmoja mbele, mwili unalala ubavu kidogo, kichwa kinageuka pamoja na bega. Sikio moja limebaki majini, jicho moja pia. Akinyanyua shingo kama kobe, miguu inazama na kazi inakuwa mara mbili. Mwendo wenyewe unaacha bonde dogo la maji kando ya shavu. Mdomo unavutia hewa hapo. Kipindi cha kusi, mawimbi yakija upande mmoja, pumulia upande wa pili.

Wapo wanaosisitiza kuvuta pumzi kila baada ya mikono mitatu. Ni vizuri kwa kuzoea pande zote, lakini anayeanza avute kila baada ya miwili. Moyo ukienda mbio mwili unadai hewa, kwa nini uunyime?

Tukija kwenye zoezi lenyewe: ogelea sambamba na ufukwe, pale unapoweza kusimama, usielekee kilindini. Chagua mitumbwi miwili iliyotia nanga, nenda kutoka huu hadi ule. Pumzika mpaka uweze kusema sentensi nzima bila kukatika, kisha rudi. Safari sita zinatosha kuanzia. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima afanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, nawe utazifikia taratibu. Ukihesabu mapigo ukaona yapo chini kuliko ya mkimbiaji, usidhani umezembea: umelala, na maji yanasaidia kurudisha damu moyoni.

Wenye pumu au matatizo ya moyo, piteni kwanza kwa daktari.

Na ule mchezo wa kuhema harakaraka kisha kupiga mbizi ili mtu akae chini sana, acheni kabisa. Kuhema vile kunafukuza kabonidayoksaidi, mwili hautoi onyo, na mtu anazimia chini ya maji akiwa bado anajiona yuko sawa.