Ukikosekana Jumatatu, Nani Atakutafuta?

Ndugu zangu, asanteni kwa kunialika. Nimeombwa nizungumzie namna mtu mwenye ulemavu anavyoweza kupata kazi. Kwa ruhusa yenu, nitauliza pia: kazi gani? Maana wapo wenzetu walioajiriwa, wana meza, kitambulisho kinaning'inia shingoni na mshahara unaingia, lakini kutwa nzima hawana cha kufanya. Kila anayepita anawasalimia kwa bashasha, basi. Kipimo changu ni hiki: ukikosekana Jumatatu, nani atakutafuta? Kama hakuna faili litakalokwama, wala mteja atakayeuliza, wala mwenzako atakayenung'unika kwamba umemkwamisha, basi umepewa kiti. Kazi bado hujapewa.

Wala hatuzungumzii watu wachache. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao bilioni 1.3, yaani karibu mtu 1 kati ya 6, wanaishi na ulemavu mkubwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unatambua katika Ibara ya 27 haki yetu ya kujipatia riziki kwa kazi tuliyoichagua au kuikubali kwa hiari yetu. Zamani asiyeona alipelekwa kusuka vikapu, kutengeneza brashi au kupokea simu. Wapo walioipenda kazi hiyo na wakaimudu vizuri sana, nami sina neno nao. Ila wengi hawakuwahi kuulizwa wanataka nini.

Sasa tuje kwenye tangazo la kazi. Usilisome kama hukumu. Waandishi wa matangazo wana tabia ya kunakili la mwaka juzi na kuongeza masharti. Utakuta mhasibu anatakiwa awe na leseni ya udereva, na ukiuliza kwa nini, hakuna anayejua. Kwa hiyo kila sharti liulize: mwajiri anataka matokeo gani hapa, na hii ni njia mojawapo tu ya kuyafikia?

Chukua nafasi ya huduma kwa wateja. Tangazo linasema mwombaji awe tayari kujibu simu. Kiziwi akiishia hapo, anafunga ukurasa. Lakini matokeo yanayotakiwa ni malalamiko ya wateja kushughulikiwa, na mengi siku hizi huja kwa maandishi: barua pepe, ujumbe wa simu, fomu za mtandaoni. Mwombaji anaweza kusema wazi: nipeni yote ya maandishi, hata yale magumu ambayo wengine wanayakimbia, na mwenzangu achukue simu zangu. Hapo kazi zimebadilishana mikono, na hakuna aliyetoa senti. Mkataba ule nilioutaja unahesabu kumnyima mtu marekebisho yanayofaa kuwa ni ubaguzi, mradi marekebisho hayo hayamwelemei mwajiri kupita kiasi. Wanaosikia neno marekebisho wakafikiria lifti mpya tu, hawajakaa na sisi.

Swali ninaloulizwa kila mahali: niutaje ulemavu wangu kwenye barua ya maombi? Uingereza, Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 kwa kawaida inamzuia mwajiri kukuuliza habari za afya yako kabla hajakupa nafasi, na Marekani nayo ina katazo la namna hiyo katika sheria yake ya watu wenye ulemavu ya mwaka 1990. Kwa hiyo hapo si lazima ujieleze mapema. Mimi nashauri hivi: kama huhitaji chochote siku ya usaili, ni hiari yako. Kama unahitaji, sema mapema, na useme kitu kinachoshikika. Usiandike "naomba mnifikirie kwa hali yangu." Andika: "Natumia programu ya kusoma skrini. Naomba jaribio la maandishi nitumiwe kwenye faili la maandishi ya kawaida, lisiwe picha iliyoskaniwa." Hiyo picha iliyoskaniwa wenye macho wanaiona imejaa maneno, programu ikifika hapo inanyamaza kimya kama karatasi tupu, na mtu anaambiwa ameshindwa mtihani ambao hakuusikia.

Na gharama ya programu hizo isiwatishe waajiri. NVDA, programu ya kusoma skrini kwa sauti aliyoianzisha Michael Curran wa Australia, mtu asiyeona, mwaka 2006, inapatikana bure. Mwambie mwajiri hivyo kabla hajaanza kuomba radhi za bajeti.

Kwenye usaili wenyewe kuna jambo linaloudhi. Umefika na mkalimani au msaidizi wako, na msaili anamgeukia yeye: "Huyu ataweza?" Usigombe. Jibu wewe, jibu kuhusu kazi, na uendelee kujibu wewe hadi macho yake yahamie kwako. Beba kitu cha kuonyesha: hesabu ulizofunga, tovuti uliyojenga, taarifa uliyoandika. Msaili mwenye mashaka akiwa na kazi yako mkononi, maswali yake hubadilika.

Ukishaingia, jihadhari na wema. Nasema kweli. Mkatili utamjua siku ya kwanza, lakini bosi mwema anaweza kukumaliza taratibu: kazi nzito anampa mwingine "ili usichoke," kikao cha jioni hakuiti, na ukikosea harekebishi. Mwaka wa tathmini ukifika anakuandikia sifa tupu, halafu cheo kinakwenda kwa mwingine kwa sababu huna ulichokibeba. Mwendee mapema. Mwombe kazi yenye jina lako na tarehe ya mwisho, na upimwe kwa fomu ileile wanayopimwa wenzako, pamoja na maksi za chini ukizistahili. Kuna wanaoniambia hilo ni kujitafutia balaa. Labda. Lakini kwenye meza isiyo na balaa lolote hakuna pia mafunzo, wala nyongeza, wala mtu wa kukutafuta Jumatatu.

Naona mkalimani wetu wa lugha ya alama amefanya kazi muda mrefu bila kupumzika. Tumpishe mwenzake ashike nafasi, kisha tuchukue maswali, na yule ndugu wa mstari wa nyuma aliyenyoosha mkono tangu niliposema leseni ndiye wa kwanza.