Vitamini C inavyokisumbua kihisi cha dopamini

Zuhura: Karibuni tena wasikilizaji wetu. Leo tunaingia ndani ya ubongo. Kaka Baraka, tuanze.

Baraka: Asante, dada. Leo ni habari ya kuipima dopamini palepale inapotoka, kwa umeme.

Zuhura: Wengi tunaijua kama kemikali ya raha tu.

Baraka: Hiyo ni sehemu ndogo ya kazi yake. Mgonjwa wa Parkinson anatetemeka mikono na viungo vinakakamaa kwa sababu seli zake zinazotengeneza dopamini zimekufa nyingi. Bila dopamini, hata kunyanyua kikombe ni kazi.

Zuhura: Sasa umeme unaingiaje hapo?

Baraka: Dopamini ikigusa elektrodi, yaani kipande kidogo cha kupitishia umeme, chenye volti za kutosha, kila molekuli inaachia elektroni mbili. Elektroni zikitembea, tayari una mkondo wa umeme, na mkondo unapimika. Ralph Adams wa Chuo Kikuu cha Kansas alipachika elektrodi ya kaboni kwenye ubongo wa panya akapima mkondo wa namna hiyo mwaka 1973.

Zuhura: Lakini alijuaje kwamba anachopima ni dopamini?

Baraka: Swali hilohilo ndilo lililowatesa watafiti. Majimaji yanayozunguka seli za ubongo yana vitamini C nyingi, mara elfu na zaidi ya dopamini. Nayo huachia elektroni, tena kwa volti zinazokaribiana sana na za dopamini. Kwa elektrodi tupu ya kaboni, unaona mlima mmoja kwenye grafu na huwezi kusema sehemu ipi ni ya nani.

Zuhura: Kumbe! Vitamini C ya machungwa?

Baraka: Hiyohiyo. Ila kuna tofauti moja ya kuwaokoa: mwilini dopamini hubeba chaji chanya, vitamini C hubeba chaji hasi. Wakaipaka elektrodi utando wa Nafion, aina ya plastiki, ambao wenyewe una chaji hasi. Vitamini C inasukumwa nje, dopamini inavutwa ndani.

Zuhura: Hapo nimekupata. Sasa teknolojia ya nano, ile ya vitu vidogo mno, inaongeza nini hapo?

Baraka: Kwanza uone udogo wa kifaa. Elektrodi yenyewe ni uzi wa kaboni wenye unene wa mikromita 7 hivi, unywele wa kichwani ni mnene kuushinda mara kadhaa. Uzi mdogo hivyo hauumizi sana ubongo, lakini uso wake ni mdogo na mkondo unakuwa hafifu. Ukiufunika kwa mirija ya kaboni ya nano, uso wa kugusana na dopamini unakuwa mkubwa bila uzi kunenepa. Halafu ncha za mirija hiyo hupokea elektroni upesi. Na hapa ndipo mimi husisimka, dada: kwenye elektrodi nyingi za mirija hiyo au za grafini, yaani kaboni ya tabaka jembamba mno, ule mlima mmoja hugawanyika. Vitamini C inajitokeza kwenye volti zake, dopamini kwenye zake.

Zuhura: Na kasi? Maana ubongo haungoji mtu.

Baraka: Kina Mark Wightman wa Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani, waliinoa mbinu ambayo volti hupanda kutoka −0.4 hadi 1.3 na kushuka tena kwa milisekunde zisizofika 9, na mzunguko huo hurudiwa mara 10 kila sekunde. Mwaka 2011 Kenneth Kishida na wenzake walichapisha vipimo vya namna hiyo kutoka kwa binadamu, mgonjwa wa Parkinson aliyekuwa kwenye upasuaji wa kupandikiziwa elektrodi za tiba.

Zuhura: Akiwa macho?

Baraka: Akiwa macho kabisa, anacheza mchezo wa kubahatisha kama mwekezaji wa hisa.

Zuhura: Mbona basi hospitali hazina kifaa hiki?

Baraka: Kwa sababu kikikaa ubongoni, protini hugandia juu yake na tishu hutengeneza kovu kukizunguka, usomaji unaanza kupotea. Serotonini, kemikali nyingine ya ubongo, ni mbaya zaidi, mabaki yake yenyewe huganda kwenye kaboni. Kuhusu uimara, naona bado tuko mbali, na makala nyingi za maabara hupima kwenye kikombe cha maji yenye chumvi tu. Hilo halinitoshi.

Zuhura: Kwa mgonjwa wa kwetu, je? Utafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa 2008, ulikuta wagonjwa wengi wa Parkinson hawakuwahi kutambuliwa kabla.

Baraka: Na wakishatambuliwa wanahitaji levodopa, dawa ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini. Dozi ikizidi, mwili unajipindapinda. Ikipungua, mtu anakakamaa. Levodopa nayo huachia elektroni, kwa hiyo inapimika kwa njia hizihizi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wametengeneza kihisi cha kuvaa mwilini kinachoipima kwenye jasho, chenye matawi madogo ya dhahabu. Mimi nataka wanakemia wetu washike upande huo: hauhitaji kufungua fuvu, na elektrodi za kaboni huchapwa kwenye plastiki kama vile vibanzi vya kupimia sukari.

Zuhura: Kipindi kijacho tuanze na hilo jasho basi, tuone dawa inafikaje huko.