Wakati Kiingereza Kilipokuwa Lugha ya Wachunga Ng'ombe

ZUHURA: Hamjambo wasikilizaji, karibuni tena. Mimi ni Zuhura, na mwenzangu Baraka amekuja leo na daftari lake la kidato cha sita.

BARAKA: Shikamoo dada Zuhura.

ZUHURA: Marahaba mdogo wangu. Hebu tusomee.

BARAKA: Hapa kuna jedwali la enzi za fasihi ya Kiingereza. Kiingereza cha Kale, Zama za Kati, Mwamko au Renaissance, urasimi au Classicism, ulimbwende au Romanticism, enzi ya Viktoria, usasa au Modernism. Nililikariri lote pamoja na tarehe zake, na mtihani nikafaulu. Lakini sikuwahi kuelewa kwa nini enzi moja inaisha na nyingine inaanza.

ZUHURA: Basi leo tuanze kwa mchunga ng'ombe. Mshairi wa kwanza wa Kiingereza tunayemjua kwa jina ni Caedmon. Karne ya 7, kaskazini mwa Uingereza, kwenye monasteri ya Whitby iliyoongozwa na mwanamke, Hilda. Habari zake tunazipata kwa mtawa Bede, aliyemaliza kitabu chake mwaka 731. Anasema watu walikuwa wakila karamu, kinubi kinazungushwa, kila mtu anaimba zamu yake. Caedmon akiona kinubi kinamkaribia, anainuka anaondoka, kwa sababu hajui kuimba.

BARAKA: Anaona haya.

ZUHURA: Haya kabisa. Usiku mmoja akaenda kulala zizini, ilikuwa zamu yake ya kulinda mifugo. Ndotoni akatokewa na mtu, akaambiwa: Caedmon, niimbie. Akaamka na shairi la kumsifu Mungu kwa uumbaji. Mistari 9 tu.

BARAKA: Kwa Kiingereza?

ZUHURA: Kwa Kiingereza, wakati elimu yote ya monasteri iko kwa Kilatini. Bede mwenyewe alilieleza shairi lile kwa Kilatini. Maneno ya Kiingereza tunayakuta yameandikwa na wanakili kwenye nakala za kitabu chake, mara nyingine pembeni tu mwa ukurasa.

BARAKA: Na ushairi wao ulikuwa na vina?

ZUHURA: Kwa kawaida haukuwa na vina. Mshororo uligawanyika vipande viwili, kama sisi tunavyosema ukwapi na utao, na kilichoviunganisha ni sauti ya mwanzo ya maneno: herufi ileile inagonga huku na kule. Beowulf nzima, utenzi wa kale wa shujaa, imetungwa hivyo, mishororo 3,182. Imebaki katika mswada mmoja tu duniani, na mswada huo nusura uteketee kwa moto London mwaka 1731. Kingo zake ziliungua, na maneno mengine yakapotea.

BARAKA: Kisha jedwali langu linasema 1066, Wanormani kutoka Ufaransa wanavamia.

ZUHURA: Hapo ndipo panaponigusa zaidi. William wa Normandy anashinda vita, na kwa takribani miaka 300 wakubwa wa nchi wanatumia Kifaransa. Dini na kumbukumbu za serikali ni Kilatini. Kiingereza kinabaki shambani na jikoni. Mpaka leo ushahidi uko mezani. Ng'ombe akiwa hai anaitwa *cow*, neno la Kiingereza asilia, maana anayemchunga ni Mwingereza. Akishapikwa anakuwa *beef*, neno la Kifaransa. Vivyo hivyo *sheep* na *mutton*.

BARAKA: Kwa hiyo anayechunga ana jina lake, na anayekula ana lake.

ZUHURA: Ndiyo. Mwaka 1362 ikapitishwa sheria kwamba kesi mahakamani zisemwe kwa Kiingereza, kwa sababu watu hawaelewi Kifaransa. Na sheria yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa!

BARAKA: Dada, hapa Tanzania Bunge limepitisha sheria ya kukifanya Kiswahili lugha ya mahakama mwaka 2021. Juzi tu.

ZUHURA: Kwa hiyo Mtanzania akisoma habari za Chaucer hasomi mambo ya kigeni. Geoffrey Chaucer, mshairi wa karne ya 14, alikuwa mtumishi wa mfalme na Kifaransa alikijua vizuri. Rafiki yake John Gower aliandika vitabu vikubwa kwa lugha tatu, kimoja kwa Kifaransa, kimoja kwa Kilatini, kimoja kwa Kiingereza. Hakuna aliyekuwa na uhakika ni lugha ipi itadumu. Chaucer akaamua kutunga kwa Kiingereza. Katika kitabu chake, The Canterbury Tales, akawakusanya mahujaji kwenye nyumba ya wageni huko Southwark, wanakwenda kuzuru kaburi la mtakatifu Thomas Becket mjini Canterbury, na njiani kila mmoja anatoa hadithi. Kuna shujaa wa vita, mtawa, msaga nafaka mlevi, na mwanamke wa Bath aliyeolewa mara tano, hana woga wa kusema lolote. Kila mmoja anasimulia kwa namna yake. Chaucer akafariki mwaka 1400 kazi haijaisha.

BARAKA: Wakati huo hakuna matbaa.

ZUHURA: Ilinakiliwa kwa mkono. Matbaa ililetwa na William Caxton huko Westminster mwaka 1476, na hadithi za Chaucer zikawa miongoni mwa vitabu vyake vya mwanzo. Huyu Caxton anasimulia kisa kimoja mwaka 1490. Wafanyabiashara walikwama kwenye mto Thames, wakashuka ufukweni, mmoja akamwomba mama mmoja mayai, *egges*. Yule mama akamjibu, mimi sijui Kifaransa. Mfanyabiashara akakasirika, kwa sababu hata yeye hakijui Kifaransa! Mpaka mwenzake aliposema *eyren*, ndipo mama akaelewa.

BARAKA: Yote mawili ni Kiingereza?

ZUHURA: Yote. Caxton anauliza: sasa mimi nichape neno lipi? Ni swali lilelile walilokabiliana nalo waliosanifisha Kiswahili mkutanoni Mombasa mwaka 1928: Kimvita au Kiunguja? Tunajua wakachagua Kiunguja, na washairi wa Mombasa na Lamu hawakufurahi. Mimi nawaelewa.

BARAKA: Tuje kwa Shakespeare, maana wasikilizaji wanamsubiri.

ZUHURA: Kwake nina jambo moja tu. Alifariki 1616. Miaka saba baadaye, 1623, waigizaji wawili waliofanya naye kazi, John Heminges na Henry Condell, wakachapisha tamthilia zake 36 katika kitabu kimoja kikubwa. Nusu yake zilikuwa hazijawahi kuchapwa. Macbeth imo. Julius Caesar imo.

BARAKA: Aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere.

ZUHURA: Mwaka 1963, akiwa tayari Rais. Bila wale waigizaji wawili, pengine asingekuwa na cha kutafsiri. Mwaka 1969 akatoa Mabepari wa Venisi. Angalia hilo jina: kwenye asili ni mfanyabiashara mmoja, Mwalimu akaweka mabepari. Huo ni uamuzi wa mtu anayejua anazungumza na nani.

BARAKA: Baada ya hapo, urasimi.

ZUHURA: Kabla yake, 1642 vita vya wenyewe kwa wenyewe vinaanza na majumba ya maigizo yanafungwa. Yanafunguliwa tena 1660 mfalme aliporudi, na sasa wanawake wanaruhusiwa kuigiza. Kwa Shakespeare walioigiza wanawake walikuwa wavulana. Karne ya 18 ni ya akili, kejeli na magazeti, na ndipo riwaya inapoota mizizi. Jonathan Swift alitoa riwaya ya safari za Gulliver 1726. Kiswahili chake kilitoka 1932. Babu zetu wengi walimjua Gulliver kwa Kiswahili kabla hawajamjua kwa Kiingereza.

BARAKA: Ulimbwende nao? Neno hilo lilinisumbua, nilidhani ni habari za mavazi.

ZUHURA: Wahakiki wetu walilichagua, tumelizoea. Mwaka 1798 Wordsworth na Coleridge walitoa kitabu cha mashairi, na katika dibaji ya toleo la pili Wordsworth anasema anataka lugha ambayo watu wanaitumia kweli, tena watu wa shamba. Mapambo ya karne ile aliyachoka. Kwa hiyo anarudi kwa Caedmon, unaona? Zizini.

BARAKA: Na Viktoria?

ZUHURA: Charles Dickens, mwandishi wa riwaya. Akiwa na miaka 12 alipelekwa kufanya kazi kwenye kiwanda cha rangi ya viatu, baba yake akiwa jela kwa madeni. Umaskini aliouandika aliuonja. Riwaya zake zilitoka kwa sehemu, mwezi kwa mwezi au wiki kwa wiki, watu wanasubiri. Ndugu watatu wa kike, akina Brontë, wakachapisha kwa majina ya bandia yasiyoonyesha kama ni wanawake. Kisha vita vya 1914 vikavunja imani ya watu, na ukifika 1922 usasa umekomaa: shairi la T. S. Eliot, The Waste Land, na riwaya ya James Joyce, Ulysses, ndani ya mwaka mmoja. Ni kazi ngumu, nazipenda, ila zinataka kipindi chake.

BARAKA: Jedwali langu linaishia hapo. Usasa, basi.

ZUHURA: Aliyelitengeneza aliliacha mapema. Chinua Achebe wa Nigeria alitoa riwaya yake Things Fall Apart 1958. Mkutano wa waandishi Makerere 1962. Nairobi 1968, Ngũgĩ, Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong wanataka Idara ya Kiingereza ya chuo kikuu ifutwe, fasihi ya Afrika iwe kitovu. Na 2021, Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar 1948, anapata Tuzo ya Nobel.

BARAKA: Na alifundisha Chuo Kikuu cha Kent.

ZUHURA: Kent, mjini Canterbury. Katika kitabu cha Chaucer mahujaji hawafiki kamwe. Mwandishi alifariki wakiwa bado njiani. Mzanzibari alifika, akafundisha pale miaka mingi. Riwaya yake Paradise sasa iko kwa Kiswahili, inaitwa Peponi, imefasiriwa na Ida Hadjivayanis.

BARAKA: Nakala ninayo hapa begini.

ZUHURA: Basi wiki ijayo njoo nayo. Utusomee ukurasa wa kwanza kwa sauti, polepole.