Tumaini Lenye Njia Zaidi ya Moja

(Mhadhara kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho, Moshi)

Marahaba, marahaba. Walimu wangu mlioketi mbele, shikamooni.

Nikiuliza hapa nani anataka kazi, mikono yote itapanda. Nikiuliza utafanya nini Ajira Portal, ule mfumo wa mtandaoni wa kuombea kazi za serikali, ikipita bila wewe kuitwa hata kwenye usaili, ukumbi utanyamaza. Hapo ndipo penye shughuli.

Mwaka 1991 mwanasaikolojia wa Marekani, C. R. Snyder, na wenzake walichapisha kipimo cha tumaini. Kwa Snyder, mwenye tumaini si yule anayekaa akisema "Mungu atajalia." Ana msukumo wa kulifuata lengo lake, na anaziona njia za kulifikia, pamoja na za kando ile kuu ikizibwa. Msukumo vijana wetu wanao tele. Njia ndiyo wanayo moja.

Chukua binti anayesoma uhasibu hapa Moshi, mji wa ushirika tangu KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, ilipoanzishwa 1933. Anataka serikalini. Sawa, aombe. Lakini AMCOS za kahawa, vyama vya ushirika vya wakulima huko juu mlimani, nazo zina vitabu vya hesabu vya kutunzwa, SACCOS, vyama vya akiba na mikopo, zina mikopo ya kufuatiliwa, na mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, haimsubiri mpaka aajiriwe.

"Mimi siwezi," atasema. Mwanasaikolojia Albert Bandura, aliyeandika juu ya jambo hili mwaka 1977, alieleza kwamba kujiamini hujengwa zaidi na ulichokwisha kukifanya mwenyewe kuliko maneno ya kutiwa moyo. Kwa hiyo fildi, mafunzo yako ya vitendo kazini, isiwe ya kutafuta muhuri tu. Omba upewe daftari la fedha ulilinganishe na taarifa ya benki, ukeshe nalo ikibidi, mpaka zikubaliane. Kinachofuata kwa nguvu ni kumwona mtu wa aina yako akiweza. Dada aliyemaliza hapa juzijuzi atakufaa kuliko mgeni mwenye tai, mimi nikiwemo.

Mtaalamu wa uongozi Fred Luthans na wenzake waliyaweka haya mawili, tumaini na kujiamini, pamoja na ustahimilivu na mtazamo chanya, wakayaita mtaji wa kisaikolojia. Walisisitiza kwamba mtaji huo unaweza kukuzwa, mtu hazaliwi nao tu. Mengine mtayasoma.

Sasa toeni karatasi. Juu andika kazi unayoitaka, chini yake njia tatu, na kando ya kila njia kikwazo chake na utakachokifanya kabla ya Ijumaa. Na wewe uliyeandika "mjomba yuko wizarani", hiyo haihesabiki. Ongeza nyingine.