Usianze na Kamera: Droni Ikianguka, Mtetemo Unatoka Wapi?

Mwakeye. Sogeeni mbele jamani, mkikaa huko nyuma hamtasikia mota, na leo kazi kubwa ni kusikia.

Nimeombwa nizungumzie droni iliyoanguka ikaanza kutoa video inayotetemeka. Jambo hili nimelisema Mwanga, nimelisema Ujiji, humu humu Kigoma, na leo nalirudia kwa sababu wiki iliyopita nimeletewa droni nyingine iliyochokonolewa kamera bila sababu yoyote. Droni ikianguka, usianze na kamera. Anza na propela.

Sikilizeni kisa hiki. Kijana mmoja alikuwa anapiga picha za harusi upande wa Mwandiga. Bibi harusi anashuka kwenye gari, droni inarudi nyuma ili ichukue umati wote, na huko nyuma kuna mchikichi. Ikagonga kuti, ikashuka hadi chini. Akaiokota, akaipuliza vumbi, akaona haina ufa, akairusha tena mpaka sherehe ikaisha. Usiku kwenye kompyuta ndipo alipoona maafa: nguzo za umeme zinajipinda, bati la ukumbi linacheza kama uji jikoni, bibi harusi utadhani amepigwa picha akiwa chini ya maji.

Akahukumu papo hapo kwamba gimbali, kile kishikio chenye mota ndogo kinachotuliza kamera, imekufa. Akaagiza nyingine Dar, zaidi ya laki tano, akasubiri wiki tatu huku kazi mbili zikimpita. Ilipofika akaifunga mwenyewe, akachana ule utepe wa waya, mwembamba kama ganda la kitunguu. Akaagiza utepe. Akasubiri tena. Siku aliyorusha, uji ni ule ule.

Alipokuja kwangu sikugusa bisibisi. Nilimwambia aiweke mezani, aiwashe bila kuwasha mota, aelekeze kamera kwenye kalenda ya ukutani na arekodi dakika moja. Tukaangalia. Mistari ya kalenda imenyooka, tarehe zinasomeka, hakuna kinachocheza. Basi, kesi ya kamera imekwisha hapo. Nikang'oa propela zote nne, nikaziinua moja moja kwenye mwanga wa dirisha. Moja ilikuwa na alama nyeupe karibu na mzizi, pale plastiki ilipojikunja ikarudi. Kisha nikazungusha mota kwa kidole. Tatu laini kama zimepakwa mawese. Ya nne, mbele kushoto, inapita, inakwama kidogo, inapita. Tukawasha mota taratibu bila propela, kila mmoja akaweka kidole kwenye mkono wa droni. Mikono mitatu kimya, wa nne unawasha kidole. Shafti, kile kijiti cha chuma kinachozunguka katikati ya mota, ilikuwa imepinda kiasi ambacho jicho halioni.

Propela mpya na mota moja, uji ukaisha. Laki tano zake hazikurudi. Kijana yule ana familia, na mimi hiki ndicho kinachoniuma.

Najua kuna mtu anataka kusema: "Fundi, mbona droni yenyewe ilikuwa inaruka vizuri?" Swali hilo naulizwa kila mara. Inaruka vizuri kwa sababu kompyuta iliyomo ndani inasahihisha kila mota bila kupumzika. Propela mbovu ikivuta pungufu, mota yake inaongezewa nguvu, wewe huku chini unaona imetulia hewani kama mwewe. Kasoro imefichwa, lakini mtetemo haujaondoka. Piga hesabu: propela ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, ni mara 100 kwa sekunde. Unarekodi fremu, yaani picha moja moja za video, 25 kwa sekunde, kwa hiyo kati ya fremu moja na ya pili kamera imetikiswa mara nne. Na kamera hizi haziichukui picha yote kwa pigo moja. Zinaisoma mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, na kila mstari unakuta kamera imeshasogea. Nguzo ya umeme inapinda hivyo.

Gimbali imetengenezwa kuzuia mwendo wa droni kuinama na kugeuka. Mtetemo wa kasi namna ile hauwezi. Wa kuupunguza ni zile raba ndogo zinazoshikilia kamera, nazo zina kikomo.

Mwingine atasema atainyoosha kwenye kompyuta. Programu itakukatia kingo za picha na uji utabaki, maana kila mstari umepinda kivyake. Mwingine anaficha kwa filta ya giza, kile kioo cheusi cha mbele ya lenzi, ili shata, yaani muda wa kamera kupokea mwanga, ishuke hadi 1/50 ya sekunde. Filta ni nzuri kwa jua letu la ziwani saa sita mchana, na mimi natumia. Lakini shata ya taratibu inaufifisha mtetemo tu, shafti iliyopinda inaendelea kula beringi.

Na supagluu! Naomba mnisikilize. Propela haigundishwi. Tone la gundi upande mmoja ni uzito upande mmoja, umeongeza ugonjwa uleule unaoutibu, na siku ikikatika hewani iko juu ya vichwa vya watoto wa watu. Propela yenye kovu inatupwa, na zikiuzwa jozi unabadilisha jozi. Mimi nazikata kabisa kwa mkasi zisije zikaokotwa. Raba nazo msizigundishe wala kuzifunga kamba. Zikibanwa hazichezi, na zisipocheza zinapitisha kila kitu.

Muda unanibana, kwa hiyo haya ya gimbali nayapitia mbio. Picha ikicheza mezani mota zikiwa zimezimwa, hapo ndipo gimbali inaposhtakiwa. Ikishtuka-shtuka kila baada ya muda, angalia utepe. Upeo wa ziwa ukilala upande mmoja, fanya kalibresheni kwanza, yaani iache droni ijipime upya usawa wake, juu ya meza iliyo sawa, si kwenye boneti ya gari. Ukiendelea kulala, mkono wa gimbali umepinda. Raba moja ikiwa imechomoka kwenye tundu lake, irudishe taratibu kwa koleo lisilo na meno. Na kabla ya yote hayo, hakikisha umetoa kile kifuniko cha kamera, nimeshaletewa droni "mbovu" ambayo kimesahaulika.

Iliyoangukia mchanga wa Kibirizi, kumbukeni mota ina sumaku. Punje nyeusi za chuma zinanata ndani, zitoeni kwa brashi laini. Betri iliyovimba hairuki, hapo hakuna mjadala. Vibali vya Mamlaka ya Usafiri wa Anga tutavizungumza siku nyingine, ila uwanja wa ndege mnaujua uko wapi. Na baada ya matengenezo, jaribuni kwenye majani, kimo cha mita mbili, dakika tano, kisha mtazame video kwenye kioo kikubwa. Msijaribu juu ya Tanganyika. Kina chake kinafika mita 1,470, na hakuna mvuvi atakayewaibulia.

Nani amekuja na yake? Lete hapa mezani, dada. Hapana, usiiwashe bado. Toa propela kwanza.