Usichomeke kwanza: kufufua ampli ya lampu ya projekta

Ba Papa, ba Mama, na nyinyi vijana wenye pasi ya kulehemu mkononi, karibuni.

Ampli hii mezani, yaani kifaa cha kukuza sauti, ni ya projekta ya filamu za milimita 16. Swali linalotangulia siku zote ni: lampu zake zitapatikana wapi? (Nasema lampu kama tunavyozoea hapa Lubumbashi, wengine huziita valvu: ni ile mirija ya kioo inayokuza sauti, si balbu ya mwanga.) Lakini lampu ndiyo ya mwisho kulaumiwa. Wauaji wawili hutangulia: kondensa kuukuu za karatasi na nta, ambazo wengine huziita kapasita, na mtu mwenye haraka ya kuchomeka waya ukutani.

Basi anza ikiwa imezimwa. Waya wa umeme ukiwa umekauka na kupasuka, tupa, weka wenye nyaya tatu, ule wa ardhi ufungwe kwa skrubu kwenye chasisi, yaani fremu ya chuma. Ukikuta kondensa ndogo inayounganisha umeme wa ukutani na chasisi, ikate. Ikivuja, chasisi yote inakuwa na umeme na mkono wako ndio njia ya ardhi.

Kisha zile kondensa kubwa za kopo, zinazochuja umeme. Ndani zimekauka, badilisha zote. Chagua za volti 450, au 500 kama umeme wa juu, ule unaolisha lampu, unakaribia volti 400. Usiongeze ukubwa kwa kudhani kubwa ni bora. Ya kwanza baada ya lampu ya rektifaya, ile inayonyoosha umeme wa mawimbi, kama 5Y3, ikiwa mikrofaradi 20, weka 22. Ukiweka 100, rektifaya inavutwa mkondo mkali kila kilele cha wimbi, mwishowe inapiga cheche ndani.

Sasa kiini cha kazi: kondensa za kupitisha sauti kwenda kwenye lampu za mwisho, 6V6 au 6L6. Mara nyingi ni mikrofaradi 0.05 au 0.1. Kazi yake ni kupitisha sauti na kuzuia umeme wa volti mia mbili na zaidi ulio upande wa pili. Ya karatasi ikizeeka huvuja kidogo sana, huoni kwa macho. Piga hesabu: gridi, yaani mlango wa lampu unaopokea sauti, ina rezista ya kiloohmu 470. Mvujo wa mikroampia 1 unaleta karibu nusu volti. Mikroampia 10 unaleta volti 4.7, na gridi iliyopaswa kukaa sifuri inakuwa chanya. Lampu inavuta mkondo kupita kiasi, bamba lake linaanza kuwa jekundu, kisha transfoma ya sauti, iliyo kati ya lampu na spika, inaungua. Halafu mtu anasema lampu ilikuwa mbovu! Weka za plastiki za volti 630, 0.047 au 0.1, hata kama za zamani zinaonekana nzuri.

Rezista za kaboni nazo hupanda thamani kwa uzee. Pima kila moja. Iliyopita asilimia 20, toa.

Kabla ya kuwasha, unganisha spika, au rezista ya ohmu zinazolingana, yenye wati 20. Ampli ya lampu ikipiga sauti bila mzigo, volti hupanda ndani ya transfoma ya sauti hadi inapasuka. Halafu weka balbu ya wati 60 kwa mfululizo na umeme wa ukutani. Iwe ya waya wa moto, maana ya LED haikuambii kitu. Kwanza inawaka sana, kisha inafifia. Ikibaki inang'aa, kuna shoti, zima.

Ikififia, zima na uchomoe lampu za mwisho. Kondensa zina umeme bado: zimalizie kwa rezista ya kiloohmu 4.7, wati 5, na mita ionyeshe chini ya volti 10 kabla ya kugusa. Washa tena bila balbu, pima gridi: iwe sifuri. Fanya haraka, kwa kuwa bila lampu za mwisho volti zinapanda. Zima, zirudishe, washa, kisha pima volti kwenye rezista ya kathodi, ile ambayo mkondo wote wa lampu za mwisho hupitia. Volti 20 kwenye ohmu 250 ni miliampia 80 kwa 6V6 mbili, 40 kila moja. Kwa volti 260 za bamba ni wati 10.4 kwa kila lampu, chini ya kikomo cha 12.

Ampli za Marekani ni za volti 117, hezi 60. Sisi tuna 220 na 50. Transfoma ya kushusha hairekebishi hezi, kwa hiyo chuma cha ndani kinachoka na kupata joto. Shusha volti kidogo, lakini volti 6.3 za kupasha lampu zisipungue chini ya 5.7. Na projekta ambayo mota yake hufuata hezi, picha 24 kwa sekunde zitakuwa 20, na sauti ya mtoto itashuka kama ya baba yake.

Limebaki jicho la sauti, linalosoma kwa mwanga alama za sauti kwenye ukingo wa filamu. Balbu yake ndogo mara nyingi hupewa umeme wa mawimbi ya kasi kutoka ndani ya ampli, maana umeme wa hezi 50 ungeleta mngurumo wa 100. Usiweke balbu ya wati nyingine. Seli yake ya gesi, inayogeuza mwanga kuwa umeme, kwa kawaida haivumilii zaidi ya volti 90. Ukiona mwanga wa buluu ndani, zima mara moja. Pitisha karatasi ngumu kati ya balbu na seli. Kila ikipita, spika iseme "tup". Ikisema, weka filamu, na kumbuka sauti iko picha 26 mbele ya picha inayoonekana: kitanzi cha filamu kikilegea, midomo haitalingana na maneno.