Kugeuza au Kuvusha? Neno Moja la Sayansi Lililojificha Ndani ya Maiki

SALMA: Hamjambo wasikilizaji wetu, karibuni. Mimi ni Salma, niko na kaka yangu Baraka, na leo tumekuja na neno moja tu: transdusa.

BARAKA: Neno hilo nilikutana nalo sekondari. Nilikariri maana yake kwa Kiingereza, nikajibu mtihani, nikapata. Kujiuliza linasema nini hasa, sikujiuliza.

SALMA: Ulikariri nini?

BARAKA: Kifaa kinachogeuza nishati kutoka aina moja kwenda nyingine. Basi.

SALMA: Hukukosea, ndivyo vitabu vingi vinavyoandika. Ila mimi naona maana hiyo inaacha nusu ya habari mlangoni. Chukua hii maiki iliyo mbele yangu. Sauti yangu ni hewa inayotikisika. Inagonga kiwambo chembamba, kiwambo kimeshikana na koili ya waya, na koili imezungukwa na sumaku. Kiwambo kikicheza, koili nayo inacheza, na waya ukicheza karibu na sumaku unazaa umeme. Michael Faraday alilionyesha jambo hilo London mwaka 1831. Umeme wenyewe ni mdogo mno, milivolti chache tu.

BARAKA: Kwa hiyo sauti imegeuka umeme. Maana yangu imesimama.

SALMA: Imesimama. Sasa niambie, jiko la mkaa nalo ni transdusa?

BARAKA: Mkaa una nishati ndani yake, ukiwaka inatoka joto na mwanga... Kwa maana niliyokariri, ni transdusa. Lakini sijawahi kusikia mtu akiliita hivyo.

SALMA: Kwa sababu jiko halina ujumbe linaoupeleka. Maiki inao. Nikipaza sauti, umeme unapanda. Nikinong'ona, unashuka. Nikinyamaza, unalala. Kila tikiso la koo langu linaonekana upande wa pili, isipokuwa sasa limebebwa na kitu kingine. Na neno lenyewe linasema hivyo. Limetoka Kilatini: trans ni ng'ambo, ducere ni kuongoza. Kumwongoza mtu hadi ng'ambo. Kwa Kiswahili kitendo hicho kina jina tangu zamani: kuvusha.

BARAKA: Kama pantoni pale Magogoni.

SALMA: Ndiyo! Abiria kaja kwa daladala, kapanda pantoni, kafika Kigamboni kachukua bajaji. Vyombo vitatu, abiria yule yule, na mzigo wake mkononi.

BARAKA: Dada, kuna wahandisi watakaokupinga. Wengine wanaita hata mota transdusa, kwa kuwa inageuza umeme kuwa mwendo.

SALMA: Ni kweli, matumizi hayo mapana yapo na siyakatai. Nasema tu kwamba ukisikia neno hilo kazini, kwa fundi wa vipimo, kwa mtu wa studio, hospitali, karibu kila mara kuna ujumbe unaovuka.

BARAKA: Hospitali umenigusa. Mke wangu alipokuwa mjamzito tulikwenda kupiga altrasaundi, na yule mtaalamu alikiita hivyo hivyo kile kifaa anachokipitisha tumboni juu ya jeli: transdusa. Nikashangaa, mbona hili neno la mtihani liko hapa?

SALMA: Na pale ndipo linapopendeza kuliko popote. Ndani ya kile kifaa kuna vipande vya kauri maalumu. Ukivipa umeme vinatikisika, vinatoa sauti nyembamba sana ambayo sikio halisikii. Sauti inaingia mwilini, inagonga, inarudi kama mwangwi. Vipande vile vile sasa vinakandamizwa na mwangwi, vinatoa umeme, na umeme ndio unaochorwa kwenye skrini. Kitu kimoja kinasema, kisha kinasikiliza.

BARAKA: Nani aligundua kwamba kitu kigumu vile kinaweza kutoa umeme?

SALMA: Ndugu wawili, Jacques na Pierre Curie, Ufaransa, mwaka 1880. Walikandamiza fuwele za madini kama kwatzi na turmalini, hata za sukari ya miwa, wakapata umeme.

BARAKA: Sukari hii ya chai?

SALMA: Fuwele zake, ndiyo. Mwaka uliofuata Gabriel Lippmann alionyesha kwa hesabu kwamba kinyume chake lazima nacho kiwepo, umeme uitikise fuwele, na ndugu wale wakapima wakakuta ni kweli. Jambo hilo likapewa jina kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kukandamiza: piezo. Kile kiwashio cha gesi kinacholia "ta!" jikoni, vingi vinafanya kazi hiyo hiyo.

BARAKA: Sasa kuna jambo linanisumbua. Sikio pia tuliambiwa ni transdusa. Sauti inageuka umeme wa neva.

SALMA: Hapo ndipo "kugeuza" kunaanza kuyumba. Sauti inagonga ngoma ya sikio, inapita mifupa mitatu, nyundo, fuawe na kikuku, inafika kwenye kile kiungo kilichojisokota kama konokono. Mle mna seli kama 15,000 zenye vinyweleo. Kinyweleo kikipinda, mlango mdogo unafunguka, chaji inaingia. Lakini umeme ule si sauti iliyogeuka. Mwili ulikuwa umeshauweka akiba, kama betri. Sauti imebisha hodi tu.

BARAKA: Ujumbe umevuka, nishati ikabaki ng'ambo ile.

SALMA: Umesema vizuri kunishinda. Na pilipili je? Tunasema inawasha, kitenzi kile kile cha kuwasha moto. Mwaka 1997 kundi la David Julius huko California lilipata mlango kwenye neva unaofunguka joto likipita kama nyuzi 43. Mlango huo huo unafunguliwa na kemikali ya pilipili. Mdomo haujaungua, lakini habari inayofika kwenye ubongo ni ya moto.

BARAKA: Kumbe Kiswahili kilikuwa kinasema kweli siku zote!

SALMA: Julius alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian, aliyepata milango ya mguso. Milango hiyo iliitwa Piezo, kama fuwele za akina Curie.

BARAKA: Na wanabiolojia wana matumizi mengine tena, ya jeni.

SALMA: Ndiyo, transdaksheni. Norton Zinder na Joshua Lederberg, mwaka 1952. Virusi anachukua jeni za bakteria mmoja anazipeleka kwa mwingine.

BARAKA: Hapo hakuna nishati iliyogeuzwa. "Kugeuza" kumekwama kabisa.

SALMA: Na "kuvusha" kunapita bila taabu. Ndiyo maana ningependa transdusa tuiite kivushio, kama tunavyosema kiwashio. Hilo ni pendekezo langu tu. Walimu wa fizikia mnaotusikiliza, darasani mnaiitaje? Tutumieni jibu kwa sauti, msiandike. Nataka tuisikie ikivuka.